Kahongya Wawili, Koti Moja

Mususa, mjini Butembo, pale barabara ya udongo inapokutana na njia ya kuteremkia sokoni, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali, na juu ya ubao huo vita vya Kongo vimekwisha kumalizwa kwa mdomo mara nyingi kuliko vilivyopiganwa. Miaka ile makundi ya waasi yalikuwa yakipokezana mji kama wanandugu wanavyopokezana kofia ya harusi, lakini ubao haukubadilisha watu wake. Karibu na mbabula, jiko la makaa la Mama Berthe, muuza kahawa, alikaa Kakule, ambaye walimwita Recteur, mkuu wa chuo, kwa sababu alikaa chuo kikuu mwaka mmoja na kitu, akarudi na skafu ya sufi na sauti ya kufundishia. Aliyefuata ni Lukumani, mwenye lori la kwenda Beni. Yeye walimwita Haji Kesho, maana safari yake ya Maka ilikuwa ni ya mwaka ujao, kila mwaka. Wa tatu ni Ananie, zamu wa magazini, duka kubwa la vitenge. Zamu ndiye mlinzi wa usiku, na huyu alikuwa na mabega ya kuzibia mlango, kwa hiyo aliitwa Béton, yaani zege. Nafasi ya mwisho, ile yenye msumari, ilikuwa ya Kahongya. Walimwita Pompe, yeye na bomba lake la kupulizia dawa ya wadudu, maana mchana kutwa hawakuachana. Alasiri hiyo Kahongya alifika, lakini hakukaa. Msumari ulipata kupumzika.

— Ananie, alisema, weye mutu mubaya. Damu yako imeniua.

Ananie alikuwa anapuliza kahawa yake. Aliinua macho mekundu yenye kulengalenga.

— Damu yangu? Damu yangu iko hapa ndani ya Ananie. Imekuua na njia gani?

— Imeharibika! Leo clerc amenisimamisha mbele ya batu bote ya dépôt. "Kahongya, damu yako imeshuka nusu. Usikamate pompe. Infirmière atakuja kukuona." Nusu, Béton! Na miye nilikuamini!

— Mais mara ya kwanza ilikuwa muzuri! Ule mama wa mashini alinisifu.

— Njo maana nakuuliza. Umeipeleka wapi?

Ubaoni hakuna aliyehitaji kuelezwa, lakini msomaji ana haki yake. Depo alikofanya kazi Kahongya iliuza kahawa na mbegu, na iliuza pia dawa za kuua wadudu kwa wakulima wa viazi wa Lubero. Kahongya alipulizia magunia ya maharagwe, tena alimimina dawa kutoka mapipa makubwa kwenda chupa ndogo. Mwanzoni mwa msimu mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Ulaya akaweka sharti: hachukui hata punje, mpaka watu wa dawa wawe wanapimwa afya. Ndipo clerc, karani wa depo, akapanda juu ya kreti akasoma sheria mpya kwa Kifaransa kilichopigwa pasi hadi kikasimama chenyewe. Wafanyakazi walimsikiliza kwa heshima, kama babu zao walivyosikiliza misa ya Kilatini, wakatoka na neno moja mkononi: damu. Itapimwa kabla ya kazi ya msimu kuanza, kisha kila mwezi. Mwenye damu dhaifu ataondolewa. Aondolewe wapi, aende wapi, hayo yalibaki ndani ya Kifaransa.

Kahongya alikuwa na mke mjamzito, na alikuwa na vidole vilivyoanza kutetemeka asubuhi. Hakutaka kuondolewa. Basi siku ya kupimwa, clerc akiwa ofisini na karatasi zake, Kahongya alijificha nyuma ya choo cha depo, na infirmière, muuguzi ambaye alikuwa hamjui mtu, alipoita "Kahongya?", Ananie akajibu "Présent!" na kutoa mkono kama mguu wa tembo. Wenzake Kahongya wa depo wakaangalia mawingu. Mashini ndogo ikanywa tone lake, infirmière akasema damu hii ni ya simba, na mambo yakawa mazuri. Siku ileile depo ikagawa makoti ya kazi: marefu, ya kijani, yenye kofia nyuma na mifuko minne. Clerc alisema kitu juu ya makoti pia. Kwa Kifaransa.

Sasa, deni la damu hulipwa na nini? Kahongya na Ananie walikubaliana hapohapo ubaoni. Mchana koti litakuwa la Kahongya huko depo. Jioni litakuwa la Ananie, kwa sababu baridi ya usiku wa Butembo inauma kuliko mbwa, na zamu asiye na koti ni maiti iliyokaa. Alfajiri linarudi kwa Kahongya. Koti halikupata kulala wala kufuliwa tangu siku hiyo. Na mwezi wa pili ulipofika, Ananie alikwenda tena kuwa Kahongya.

— Hasira ni hasira, alisema Kahongya, mais saa ya koti ni saa ya koti. Kamata.

Alilivua na kumtupia. Ananie alilivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, akavuta kofia juu ya kichwa na kushusha pumzi kama mtu aliyefika kwake.

— Haya, nani anaweza kunieleza? Kahongya aliwageukia wengine. Mutu mukubwa vile, anakula fufu sahani mbili, damu yake inashuka nusu mu mwezi moja?

Hilo lilikuwa kosa. Ubao ule haukuwahi kuulizwa swali ukakosa jibu.

— Miye nilisemaka zamani, alianza Haji Kesho. Hiyo damu banauza. Banaitosha mu mukono hapa, banaipeleka na ndege mpaka ng'ambo, banaichanganya na sukari, inarudi mu chupa na jina ya sérum. Weye unagonjwa, banakuwekea, kumbe ni damu ya Ananie unalipia.

— Haji, banatosha tone moja tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, ndeko, ndugu yangu. Tone ya Butembo, tone ya Beni, tone ya Kasugho. Miye mutu wa lori, najua namna mizigo inakusanyikaka.

Recteur alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa na aya tatu.

— Mes chers, muache ujinga. Damu ni valeur. Inapanda, inashuka, sawa ile pesa ya waasi. Mutu halale usiku, damu yake haina repos, donc inafanya dévaluation. Ni mathématique. Kahongya, ulikosa pale mwanzo. Huwezi kuazima damu ya zamu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

— Tulizungumuza damu, si matako, alisema Ananie ndani ya kofia.

— Principe ni moja.

Mama Berthe alikuwa anasuuza vikombe. Alimtazama Ananie jinsi wanawake wanavyotazama nyanya kabla ya kununua.

— Nyinyi banaume hapana jua kitu. Huyu anapenda.

— Mama Berthe!

— Uongo? Munaangalia macho: analia na hakuna kilio. Munaangalia jasho, na hii baridi yote. Jana alikuwa anakunywa kahawa, mate inamutoka kama mutoto wa meno. Kichwa inamuuma kila asubuhi. Ni ule mama wa fufu mbele ya magazini. Nilipendaka miye pia. Ilikuwa vile vile, kasoro mate.

Walicheka mpaka ubao ukacheza juu ya matofali. Hata Kahongya alicheka, kisha akakumbuka kwamba kesho hana pompe, akaacha. Nyumbani alikuwa hajasema kitu. Mkewe alikuwa amemuomba anunue sabuni na kitambaa cha mtoto, na yeye akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye kazi.

— Sipendi mutu, Ananie alijitetea. Ni moshi ya mbabula. Na munajua nini? Miye niko na nguvu kuliko zamani. Tangu nianze kuvaa koti, biroboto bimenihama. Byote! Miaka yote nilikuwa najikuna usiku muzima, sasa hakuna hata moja. Kunguni, hakuna. Juzi mbu imekaa hapa mu kola, nikasema nione. Imeanguka, paa! Kama muaskari mulevi.

— Ee Nyamuhanga, Mungu wangu! alisema Berthe.

— Hata imbwa ya magazini inakaa mbali. Inaniheshimu.

— Unaona! Recteur aliruka. Wazee wanasema kikulacho kiko mu nguo yako. Donc kama hakuna kitu inakukula, ni kusema mu nguo yako hakuna kitu. C'est la logique.

Hakuna aliyepinga. Ilikuwa imesemwa kwa Kifaransa mwishoni.

Koti lenyewe, tukizungumza kweli, lilikuwa linapendwa kuliko mwenye kulivaa. Lilikuwa tayari na warithi. Recteur alikuwa ameliweka akiba kwa ajili ya siku atakayorudi chuoni. Haji Kesho alitaka kulibadilisha na blanketi la lori, halafu akaongeza na taa ya mkononi. Mama Berthe hakutaka lote, alitaka kofia tu, afunikie vikombe mvua ikinyesha.

— Tuache koti, alisema Kahongya. Infirmière anakuja. Nitamuambia nini?

— Kwanza tujue bule batu ya mashini banatafuta nini, alisema Recteur, na sauti yake ikashuka, maana alikuwa amefika kwenye mzizi wa jambo. Muulize clerc: ile dawa ya mu pipa ni ya nani? Ya patron. Bon. Ikitoka mu pipa inaingia mu chupa, ni ya nani? Ya patron. Na ikitoka mu pipa ikaingia mu damu ya Kahongya?

Haji Kesho alitazama nyuma kama kuna anayesikia.

— Ya patron, alinong'ona Haji.

— Voilà! Hapana kupima afya. Ni inventaire, kuhesabu mali! Banatafuta dawa yenye ilitoka bila kulipwa. Kila mwezi bataangalia nani ametoka na ngapi mu mishipa. Na ule mwenye kushikwa...

Alipitisha kidole shingoni.

Kahongya alikaa. Alikalia msumari, na hakuusikia. Alijua kwamba ni upuuzi. Lakini miaka ile mtu alikuwa amefungwa kwa sababu ya redio, mwingine kwa sababu ya viatu vinavyofanana na vya adui; mtu kufungwa kwa sababu ya damu yake hakukuwa mbali sana.

— Batanipeleka cachot juu ya damu hata si yangu, alisema.

— Kunywa maziwa, alisema Haji. Maziwa inafagia.

— Anywe nani? Miye ama Ananie?

Swali zuri. Walilizungusha kidogo wakaamua wanywe wote wawili. Kisha Recteur akatoa wazo la kubadilisha mkono: mwezi ujao aende mtu mwingine.

— Weye Recteur, basi.

— Miye? Damu yangu ni ya kiuniversitaire, clerc ataitambua mara moja.

— Haji?

— Yangu naiweka ya Maka.

— Mama Berthe?

— Niitwe Kahongya na hii kifua? Mugeni njoo, mwenyeji apone, banasema. Munangoja mugeni!

Na mgeni alikuwa anakuja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya bluu juu ya blouse nyeupe ya kazi, na begi dogo begani, akiruka madimbwi kama mtu aliyezoea. Kahongya alimwona kabla ya wengine, kwa sababu mwenye hofu huona mbali. Mwanamke alifika, akasalimu ubao wote, kisha akaenda moja kwa moja mbele ya Ananie.

— Bonjour, papa Kahongya. Unanikumbuka? Miye Séphora, ule wa mashini.

— Bonjour, mama, alijibu Kahongya kwa mazoea.

— Présent! alisema Ananie, naye pia kwa mazoea.

Séphora aliwatazama wote wawili. Aliamua kwamba mmoja ni mpole na mwingine hasikii vizuri, akaendelea na Ananie.

— Papa, nimekuja miye mwenyewe juu clerc wenu anasemaka mambo kama anasoma hukumu. Usiogope. Ile nguvu ya damu yenye mashini inapimaka imeshuka kwa sababu ya dawa. Kuanzia kesho unatoka mu dawa.

— Anafukuzwa, alisema Kahongya polepole.

— Nani amesema kufukuzwa? Njo sheria yenyewe hiyo! Mutu akishuka, anatoka mu dawa, anapewa kazi ya inje. Atakuwa anapanga kahawa mu lupango, mu kiwanja ya dépôt, kwa jua, mpaka damu irudi. Mushahara iko ile ile.

— Ile ile?

— Ile ile, papa. Hata ukikaa miezi. Ataondolewa mu dawa, hapana mu kazi. Hawakuwaelezea?

Ubao ulikumbuka Kifaransa kile. Lupango. Jua. Mshahara uleule. Sabuni, kitambaa cha mtoto. Kahongya alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia Recteur, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa yeyote.

— Basi papa Kahongya, kesho asubuhi unaanza lupango, Séphora alimwambia Ananie.

— Wasingya, asante mama, alisema Ananie kwa unyenyekevu mkubwa. Nitafika mapema.

Kahongya aliruka kutoka msumarini.

— Ngojeni kwanza! Kahongya njo miye!

— Damu imesema ni miye, alisema Ananie.

— Ananie!

— Nani Ananie? Mara mbili bameita Kahongya, mara mbili nani ametoa mukono? Weye ulikuwa nyuma ya choo!

— Haji, sema kweli! Unanijua tangu utoto!

— Wallahi, miye mutu wa lori, alisema Haji Kesho akitazama lori.

— Identité, alianza Recteur, ni kitu yenye...

— Nyamaza weye, alisema Mama Berthe. Aliweka kikombe chini. — Mama Séphora, kaa hapa kwangu, pale kuna musumari. Huyu wa koti ni Ananie, zamu wa vitenge. Huyu wa kupiga kelele ni Kahongya, mutu wa dawa. Aliogopa kufukuzwa, huyu akamuazima mukono. Ni batoto hawa, banaota ndevu tu.

Séphora alikaa. Hakupiga kelele, na Kahongya aliona afadhali angepiga. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia yule mkubwa.

— Donc weye unalindaka magazini.

— Ndiyo, mama.

— Ya dawa?

— Ya vitenge.

— Unaingiaka mu dépôt ya dawa?

— Hata siku moja. Naogopaka harufu.

— Nyumbani uko na shamba, unapulizia kitu?

— Niko na kuku moja.

— Na mara ya kwanza damu yako ilikuwa ya simba. Bon. Sasa dawa yote hii, mutu wa vitenge, ilimuingia na njia gani?

Haji Kesho alihesabu matairi ya lori lake kwa macho. Upepo wa alasiri ulipita, ukachukua moshi wa mbabula upande mwingine, na kwa mara ya kwanza mbele ya Séphora kukabaki harufu nyingine, kali, tamu kidogo. Alisogea. Alinusa kola ya Ananie.

— Hii koti ni ya nani?

— Yetu, walisema Kahongya na Ananie pamoja.

Walimweleza. Mchana huyu, usiku huyu. Kufuliwa, hapana, likifuliwa litakauka saa ngapi, na baridi hii? Séphora alisikiliza mpaka mwisho, na kila walivyoeleza kwa fahari, mkono wake ulizidi kupanda kichwani.

— Papa, vua.

— Hapa? Na baridi?

— Vua sasa hivi. Sheria ya mwisho inasema nini? Koti inabaki kule kule dépôt, inafuliwa kule kule, hapana kutoka kwa mulango. Kila siku dawa inamwagikia kitambaa. Huyu anaivaa akisimama, anafanya kazi, anavua. Weye unajifungia ndani yake usiku muzima, jasho inaifungulia ngozi. Unalala mu dawa, papa! Biroboto bilikuambia kitu, haukusikia.

Ananie alilivua upesi kuliko alivyowahi kuvua kitu. Koti lilianguka katikati ya ubao na mbabula, mikono imetandazwa. Mama Berthe alirudisha vikombe nyuma. Haji alivuta miguu.

— Recteur, alisema Kahongya, koti ile ya kurudia chuoni. Kamata.

— Nimebadilisha faculté.

— Haji? Na taa ya mukononi?

— Taa imeharibika.

Hapo Kahongya alijiona mshindi. Alijipiga kifua.

— Donc miye niko muzima! Dawa yote imeenda kwa Béton!

— Muchana nani anaivaa? Séphora aliuliza.

— Miye.

— Nani anamimina dawa mu chupa?

— Miye.

— Tosha mikono, nione.

Siku zote Kahongya alikuwa akizunguka na kikombe mkononi, kimejaa au kitupu, na ubao ulidhani ni mapenzi ya kahawa. Sasa aliweka kikombe chini na kunyoosha mikono mbele yake. Vidole vilicheza, polepole, kama majani ya maharagwe kabla ya mvua. Ananie, aliyekuwa anatetemeka kwa baridi ndani ya shati, aligeuza uso.

— Kesho asubuhi nitakupima weye, alisema Séphora, na sauti yake ilikuwa laini sasa. Weye, na mukono yako. Mais niambie kitu kimoja. Namba ya kesho peke yake hainiambii kitu. Damu ya batu hailingane. Yenye kuwa kidogo kwa huyu, kwa mwingine ni ya kawaida. Njo maana tunapima mbele ya kazi kuanza. Mbele ya kuanza kushika dawa, damu yako weye ilikuwa ya namna gani?

Ubao ule ulijua bei ya chumvi Kasindi. Ulijua kanali gani analala na mke wa nani, na ndege gani ilibeba nini.

— Ya kwangu ilikuwa muzuri, alisema Ananie kwa sauti ndogo.

Jibu hilo mtu mmoja tu duniani ndiye alikuwa nalo, Kahongya wa mwanzo wa msimu, na huyo alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo, anasikia jina lake likiitikiwa na mtu mwingine na kujisifu kwa ujanja.

— Hatujui, alisema Kahongya.

— Hatujui, Séphora alirudia. Basi tutafanya hivi. Utakaa lupango weye mwenyewe, mbali na dawa, na nitakuwa nakupima mpaka damu iache kupanda. Ikisimama, njo tutajua ni yako. Na leo muoge bote wawili, sabuni mwili muzima.

— Na miye? Ananie aliuliza. Nitapimwa na nani?

— Weye, papa, sheria hapana kukujua. Ni ya batu ya dépôt tu.

— Hapana kunijua? Imekunywa damu yangu mara mbili!

Séphora alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

— Utakuja naye kesho, alimwambia Kahongya. Nitamuambia patron yuko na Kahongya wa muchana na Kahongya wa usiku, na koti yake imebagonjwesha bote. Akibisha, nitamusomea na Kifaransa.

Mama Berthe alitoa koleo la mbabula na gunia tupu la makaa. Kahongya ndiye aliyelishika koti, kwa koleo, mkono ukiwa umenyooka kabisa, akaliingiza guniani pamoja na mifuko yake minne, tayari kulirudisha depo. Haji Kesho alikwenda kwenye lori bila kuambiwa, akarudi na lile blanketi, akalitupa juu ya mabega ya Ananie bila kutaja mabadilishano yoyote. Kisha Recteur alifungua skafu yake ya sufi, cheti pekee alichorudi nacho chuoni, akamzungushia Ananie shingoni mara mbili.

— Ni ya kuazima, alisema.

— Mama, Ananie alimwita Séphora, ambaye alikuwa ameanza kuondoka. Biroboto bitarudi?

— Damu ikirudi, na byenyewe bitarudi. Siku moja ikikuuma, uniambie. Nitafurahi.

Wiki zilipita. Mji ulibadilisha wakubwa tena. Ubao ulikaa palepale. Kahongya alikuwa na vumbi la kahawa kwenye viatu na binti mchanga nyumbani, na alikuwa anaweka kikombe chini anapozungumza, ingawa bado kwa uangalifu. Damu yake ilikuwa inapanda, na Séphora alikuwa bado anangoja isimame. Alasiri moja wakamwona Ananie anateremka kutoka magazini mbio, blanketi linapepea, mkono mmoja umeingia ndani ya shati mpaka kwenye kiwiko.

Alifika akihema. Alifungua shati mbele ya watu wote na kuonyesha, chini ya titi la kushoto, alama tatu nyekundu zilizopangana.

Recteur aliinama, akaangalia kwa makini ya profesa.

— Imekuuma? Kahongya aliuliza.

— Ndeko, alisema Ananie akijikuna, macho yake makavu na meupe, imeniuma muzuri sana.